Moshi wa jiko na kinga ya mapafu
Jiko la mkaa hutoa moshi mwingi kabla mkaa haujashika sawasawa, kwa hiyo liwashie nje. Usiliinamie na kulipuliza kwa mdomo. Simama upande upepo unakotoka, upepee kwa kipande cha boksi. Mfuko wa plastiki usiufanye kiwashio, moshi wake ni sumu.

Njia ya hewa ina ute na vinyweleo vidogo mno vinavyousukuma ute huo juu, pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa. Moshi huvidhoofisha vinyweleo hivyo, kohozi likabaki chini. Chembe za moshi zisizozidi mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa, ambako seli zinazomeza bakteria hujaa masizi na kushindwa kazi yake. Ndiyo maana nimonia huwaandama watoto wa chini ya miaka 5 wanaoshinda jikoni. Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika, hata akililia kubebwa.

Kitambaa cha kufunika pua hakizuii chembe hizo (wengi hukitegemea bure). Bora upunguze muda wa moto: loweka maharage usiku kucha, funika sufuria, na kuni ziwe kavu, kwa sababu mbichi huteketea kwa shida na kufuka moshi.

Mkaa uliokolea hauonyeshi moshi, lakini bado unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Usiliingize jiko chumbani kwa kuota moto, madirisha yakiwa yamefungwa.