Kuendesha baiskeli mbali na magari: njia za mchanga na changarawe kati ya msitu wa Arabuko-Sokoke na bonde la Sabaki

Mkazi wa Malindi anayependa baiskeli hubanwa na barabara kuu moja, ile itokayo Mombasa kuelekea Garsen na Lamu, ambayo mabasi na malori huipita kwa kasi na kumwachia mwenye baiskeli nafasi ndogo ya kukwepa. Lakini akiiacha lami na kuelekea bara, ataingia katika nchi ya msitu, vilima na mto, ambamo anaweza kuendesha tangu asubuhi hadi adhuhuri akakutana na bodaboda chache tu, wanafunzi waendao shule na makundi ya mbuzi. Nchi hiyo ina sehemu tatu: msitu wa Arabuko-Sokoke ulio kusini-magharibi mwa mji, bonde la mto Sabaki, na vilima vya udongo mwekundu vya Magarini vinavyoendelea ng'ambo ya mto hadi Marafa.

Kabla ya kuuliza umbali, uliza udongo. Kilomita kumi za udongo mwekundu mkavu ni matembezi mepesi, ilhali kilomita mbili za mchanga mweupe uliolegea zinaweza kukulazimisha kushuka na kusukuma. Katika Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, jambo hili ni rahisi kulisoma, kwa sababu msitu huo una sura tatu na kila sura imesimama juu ya udongo wake. Upande wa mashariki kuna msitu mchanganyiko, wenye mbambakofi na miti mingine mirefu, juu ya mchanga wa kijivu ambao chini ya kivuli hubaki na unyevu na kushikana kiasi. Katikati kuna ukanda wa miti iitwayo mirihi, uwazi na mzuri wa kutazama, lakini umeota juu ya mchanga mweupe usio na rutuba, na hapo ndipo matairi huzama. Magharibi, vichaka vizito vilivyosongamana hukaa juu ya udongo mwekundu, ambao ukikauka hubeba baiskeli vizuri sana na ukilowa hunata na kuteleza. Basi ukiona mirihi mbele yako, punguza gia mapema, kwani mti umekwisha kukuambia njia itakavyokuwa kabla tairi halijaigusa.

Kwa ardhi ya namna hii, upana wa tairi una maana kuliko wepesi wa baiskeli. Tairi la milimita 40 linatosha kwa udongo mwekundu na changarawe. Kwa mchanga ningeshauri milimita 45 au zaidi, na mwenye baiskeli ya milimani yenye matairi ya inchi mbili asione haya kuitumia, maana katika ukanda wa mirihi ndiye atakayewasubiri wenzake. Upepo usijazwe hadi tairi likawa gumu kama la kwenye lami. Mtu wa kilo 70 mwenye matairi ya milimita 45 anaweza kuanza na paundi 30 hadi 35 kwa inchi ya mraba, akapunguza kidogo afikapo mchangani na kuongeza tena kwa pampu ya mkono atokapo. Mwenye tyubu asipunguze mno, kwa sababu rimu itaibana tyubu kwenye jiwe au mzizi na kuitoboa. Miiba pia ni mingi katika njia zinazopita kando ya mashamba na vichaka, kwa hiyo beba tyubu mbili, viraka na gundi. Kama matairi yako hayatumii tyubu, hakikisha maji ya kuziba pancha yaliyomo ndani hayajakauka, kwani joto la pwani huyakausha upesi.

Mchangani, kosa linalowaangusha wengi ni kukamata usukani kwa nguvu na kuulazimisha unyooke. Ingia na mwendo, ukiwa katika gia nyepesi, rudisha uzito wako nyuma kidogo, kanyaga pedali bila kusita, na uache gurudumu la mbele litafute njia yake huku macho yako yakitazama mita kadhaa mbele. Usifunge breki ya mbele ndani ya mchanga. Penye alama za magurudumu ya gari la walinzi wa msitu, jaribu mfereji mmoja kisha mwingine, na mara nyingine ukingo wenye majani ni mgumu kuliko yote mawili, mradi usiiache njia na kukanyaga miche. Kwenye vilima vyekundu vya Magarini hatari ni nyingine: maji ya mvua huchimba mitaro katikati ya mteremko, na mchanga hujikusanya mahali njia inapokata kona. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake.

Majira yana uzito wake. Masika, hasa Aprili hadi Juni, udongo mwekundu hujaza matope kwenye breki na mnyororo hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, njia ni kavu lakini jua ni kali na mchanga umelegea kupita kiasi. Wakati mzuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Julai hadi Septemba: upepo wa kusi hupoza hewa, na manyunyu ya hapa na pale huushikanisha mchanga. Panga safari ili kusi ikusukume mgongoni wakati wa kurudi kama utakuwa umechoka, yaani anza kwa kuelekea kusini, Gede na msituni, na umalizie kaskazini.

Msituni ingia kwa lango. Kituo cha Gede kiko kando ya barabara kuu. Hapo utalipa kiingilio, utauliza ni njia zipi zinazoruhusiwa kwa baiskeli siku hiyo, na utamchukua mwongozaji. Gharama ya mwongozaji si ya kukwepa, kwa kuwa Arabuko-Sokoke una tembo, na baiskeli haina sauti ya kuwatahadharisha. Mavi mabichi na matawi yaliyovunjwa upya ni dalili ya kusimama na kusikiliza. Ukiwaona, simama mbali, angalia upepo unakotoka, kisha geuza baiskeli polepole na kurudi ulikotoka. Usijaribu kuwapita kwa kasi, maana mchangani tembo hukimbia kuliko wewe. Usiwemo msituni alfajiri mapema wala jioni.

Bonde la Sabaki linataka busara ya aina tofauti. Mto huu huanza bara ukiitwa Athi, ukikutana na mto Tsavo huitwa Galana, na karibu na bahari ndio Sabaki. Kwa hiyo unaweza kufurika na kuzilaza njia za kando yake chini ya maji huku mbingu ya Malindi ikiwa safi, kwa sababu mvua imenyesha Ukambani siku zilizopita. Uliza wenyeji hali ya mto kabla ya kushuka, na usivuke kwa miguu ukibeba baiskeli begani, hata kama maji yanaonekana kufika magotini tu: rangi yake ya udongo huficha kina, na mto una mamba na viboko. Vuka darajani. Kipande cha lami kutoka mjini hadi daraja la Sabaki hakiepukiki; kipite mapema, saa kumi na mbili asubuhi, ukiwa umevaa nguo inayoonekana na taa ya nyuma ikiwaka.

Katika vijiji vya Wagiriama kando ya mto, njia nyingi hupita katikati ya mashamba na makazi ya watu. Shuka, mwamkie mzee kwa shikamoo, kisha uulize, "Njia hii yapitika kwa baiskeli hadi mtoni?" Jibu la swali hilo litakufaa kuliko la umbali, na litakuwa sahihi kuliko ramani ya simu, isiyoonyesha ua uliojengwa mwaka huu. Ukielezwa kwamba kichaka fulani ni kaya, kizunguke. Misitu ya kaya ni mahali patakatifu pa Wamijikenda, na kadhaa kati yake iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008.

Beba maji ya kutosha nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa kila saa, na chumvi kidogo katika chakula, kwa kuwa baina ya kijiji na kijiji hakuna duka. Ukirudi, pangusa mnyororo kwa kitambaa kikavu siku hiyohiyo, osha vumbi kwa maji baridi bila kuyaelekeza kwa nguvu kwenye bearingi, uache ukauke, kisha tia mafuta tone kwa tone. Hewa ya chumvi ya Malindi huanza kula chuma usiku uleule.