Daftari kabla ya unga: namna ya kuendesha kamati ya huduma za jamii ya kanisa, Mwanza na visiwani

Kamati hii ya kusaidia wahitaji, parokia za Kikatoliki huiita Karitasi, sharika za Kilutheri diakonia, Wasabato wana Dorkasi, na kwingine ni kamati ya huduma za jamii tu. Kazi ni moja, na huharibikia pale pale: unga unanunuliwa kabla haijajulikana unakwenda nyumba gani. Mifuko ikionekana inashushwa kanisani, habari inatembea mtaa mzima. Jumapili wanajaa wenye miguu mizima, na bibi wa kule juu kwenye mawe ya Mabatini, asiyeweza kushuka, anabaki na debe tupu. Anzeni na daftari.

Wajumbe saba hadi tisa wanatosha: mwenyekiti, katibu, mhazini, mtunza ghala, na waliobaki wote watembeleaji. Mhazini asiwe ndiye mtunza ghala, maana anayeshika fedha na mzigo kwa pamoja hana wa kumtetea siku hesabu inapopishana. Nusu yao au zaidi wawe wanawake, kwa sababu kuna mambo mjane hatamwambia mwanaume mgeni. Na awepo anayeongea Kisukuma vizuri. Mkienda Ukerewe tafuteni wa Kikerewe, Ukara wa Kikara. Mzee akiulizwa kwa lugha yake, anajibu mengine kabisa.

Kuandikisha

Majina ya kwanza yatoke kwenye jumuiya, kisha mwende kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii. Muulize pia nani yuko kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Si kwa ajili ya kumwondoa, bali mjue anapata nini tayari. Asiye muumini wenu aandikwe kama mwingine yeyote, na Mwislamu vilevile.

Kila nyumba itembelewe na watu wawili, ikiwezekana saa ya kupika. Msiulize "mnahitaji nini?", maana jibu litakuwa chochote mlichokuja nacho. Ulizeni "jana jioni mlikula nini?" halafu nyamazeni. Tazameni jikoni: mafiga yana majivu ya leo au ya juzi? Mkaa unanunuliwa kwa gunia au kwa kopo? Andikeni wanaolala humo ndani ni wangapi na umri wao, nani ana maradhi ya kudumu, fedha inatoka wapi, na hitaji kwa maneno yake mwenyewe. Mara nyingi mtakuta hitaji si chakula. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili kutibiwa bure kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee, lakini wengi hawana kitambulisho. Nauli na mtu wa kumsindikiza hadi ofisi ya mtendaji ni msaada mkubwa kuliko kilo kumi za sembe.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa makini hapa Usukumani. Bibi aliyepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, katika jiko lisilo na dirisha, huwa na macho mekundu, na kwa macho hayo vikongwe wameitwa wachawi na wengine wameuawa. Msimtembelee kwa siri wala usiku. Nendeni mchana, salimieni majirani kwanza, asubuhi mwangaluka, jioni mwadila, kisha kaeni nje naye mwonekane. Mpatieni jiko banifu au mfungulieni dirisha la kutolea moshi. Mkisikia ametishiwa, lifikisheni siku hiyo hiyo kwa mtendaji na kwenye dawati la jinsia la polisi. Kwa mtoto anayepigwa au anayetaka kuozeshwa, namba 116 hupigwa bure.

Hesabu na manunuzi

Kipimo kizuri cha mtu mmoja kwa siku ni gramu 400 za unga, 60 za kitoweo kikavu (maharage au dagaa) na 25 za mafuta. Kaya 20 zenye wastani wa watu wanne ni watu 80. Kwa siku 14 wanahitaji unga kilo 448, yaani mifuko 18 ya kilo 25. Kitoweo kilo 67. Mafuta lita 30 hivi. Nunueni mfuko mmoja wa ziada, maana unga hupungua kwenye kupimapima. Gaweni kulingana na idadi ya midomo, msigawe kwa kaya: bibi anayeishi peke yake na mama mwenye watoto sita wakipewa mfuko sawa, mmoja atauza na mwingine atalala njaa. Pimeni kwa mizani. Kopo na sado huleta ugomvi, kwa sababu huyu anajaziwa kilima na yule anafutiwa juu.

Dona ina nguvu kuliko sembe lakini haikai, mafuta ya kiini chake huchacha; ichukueni ikiwa itagawiwa ndani ya wiki moja au mbili. Maharage ya zamani huchukua saa tatu jikoni, na kwa anayenunua mkaa wa kopo huo ni mzigo, si msaada. Kwa hiyo nusu ya kitoweo iwe dagaa.

Dagaa nunueni mwaloni Kirumba, soko la samaki la ufukweni, mkiwa na mtu anayewajua. Walioanikwa kwenye chanja hawana mchanga. Walioanikwa chini utausikia menoni hata ukiwaosha mara tatu. Chukua mmoja umkunje: mkavu anavunjika, mbichi anapinda. Rangi iwe ya fedha. Wakiwa wa njano na wananuka mafuta yaliyochacha, walilowa na mvua wakaanikwa upya, na hao wataota ukungu ghalani. Masika na vuli nunueni kidogo kidogo.

Ghalani mifuko ilale juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta. Sabuni isiwekwe chumba kimoja na unga, kwani unga hunyonya harufu na ugali unakuwa wa sabuni. Kila kinachoingia na kutoka kiandikwe, na mpokeaji aweke saini au dole gumba. Majina yasisomwe madhabahuni. Picha za ripoti ziwe za mizigo, zisiwe za nyuso za waliopokea.

Kalenda ya mwezi

Kamati za mialo, yaani fukwe za kushushia samaki, ya Kayenze, Igombe na visiwani zifuate mwezi wa angani kuliko wa karatasi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haivuti, mitumbwi inapumzika, na fedha inakauka majumbani. Ahadi na michango kusanyeni wakati wa giza. Ziara na mikutano fanyeni mbalamwezi, wanaume wakiwa nyumbani na uhitaji ukiwa wazi. Kwenye kambi za wavuvi mtu anahama kila mara, basi andikeni pia mwalo aliotoka na jina la mwenye mtumbwi anaofanyia kazi.

Mkivuka maji, ondokeni asubuhi kabla upepo haujapanda, kila mtu na jaketi lake la kuokolea, na mzigo upimwe pamoja na watu. MV Nyerere ilizama Septemba 20, 2018 ikikaribia Ukara, ikiwa imezidisha abiria, na watu zaidi ya 200 walifariki. Chombo kikionekana kimejaa, unga ubaki ufukweni hadi safari nyingine.

Hospitali

Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Mwanza, hupokea wagonjwa kutoka mikoa mingi ya Kanda ya Ziwa, na wapo wanaolala pale wiki nzima bila ndugu wa kuwafulia nguo. Msiende wodini moja kwa moja. Piteni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ndiyo inayojua nani hana mtu. Pelekeni sabuni, mafuta ya kupaka, kanga, pempasi na nauli ya kurudi nyumbani. Chakula kilichopikwa msipeleke bila ruhusa ya muuguzi: mwingine anasubiri upasuaji na hapaswi kula, mwingine ana kisukari.

Kurudi

Siku ya kumi baada ya kugawa, watembeleaji wale wale warudi na daftari. Debe likiwa tupu, hesabu yenu ilikosea, pengine wajukuu wameongezeka. Andikeni idadi mpya. Mfuko ukiwa haujafunguliwa, ulizeni kwa upole: labda hana kuni, labda hana meno, labda ana deni dukani na alikusudia kulilipa kwa mfuko huo. Jina lisifutwe na watu waliokaa kikaoni. Lifutwe baada ya wawili kufika nyumbani, na sababu na tarehe ziandikwe kando yake.