Somo: Kusoma alama za majina ya miji katika maandishi ya picha ya Kinahuatl, lugha ya Waazteki wa Mexico

Tumia Kodeksi Mendoza (kitabu cha kale cha picha), iliyochorwa Mexico mnamo 1541 hivi na kuhifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian, Oxford. Humo alama za miji zimeandikiwa majina kwa herufi za Kilatini. Funika maandishi hayo kwa karatasi, soma picha, ndipo ufunue.

1. Tenganisha vipande. Coatepec ina viwili: nyoka, na chini yake mlima wa kijani wenye mistari myekundu na ya manjano kwenye kitako.

2. Taja kila kipande kwa Kinahuatl, kisha ondoa mwisho wa nomino (-tl, -tli, -li, -in). Coatl (nyoka) hubaki coa-, tepetl (mlima) tepe-, tochtli (sungura) toch-. Ukiruka hatua hii utapata "coatltepetl", neno lisilokuwapo.

3. Tafuta kiambishi cha mahali. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu mchoraji aliazima kitu chenye sauti inayolingana, si maana:
– meno (tlantli): -tlan
– bendera (pantli): -pan
– mwili kuanzia kiunoni kwenda chini (tzintli, makalio): -tzinco
– alama ya usemi iliyojikunja mbele ya kinywa: -nahuac, "karibu na"

Sungura na bendera ni Tochpan. Mti wenye kinywa kinachosema ni Cuauhnahuac, "karibu na miti", Cuernavaca ya leo. Mti wenye meno ni Cuauhtitlan. -Ti- ya kuunganisha huijaza msomaji mwenyewe. Ukiona meno ukatafuta hadithi ya mti unaouma, umeshapotea.

4. Ongeza kisichochorwa. -c na -co, zinazofanya kazi ya -ni yetu katika "mlimani", kwa kawaida hazina picha. Baada ya irabu weka -c (Coatepec). Baada ya konsonanti weka -co (Xochimilco: maua juu ya shamba).

MASWALI

Mwalimu, mbona Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, haina meno?
Imechorwa jiwe (tetl) na dungusi kakati (nochtli) lililoota juu yake. Vipande hivyo vinatoa te- na noch-, -titlan imeachwa. Mji ulijulikana na kila msomaji.

Kila mlima husomwa tepe-?
Hapana. Colhuacan ni mlima uliopinda kileleni, na kinachosomwa ni ule mpindo, col-. Mlima wenyewe unaonyesha tu kwamba huu ni mji. Kwa hiyo kagua umbo la kilele kabla ya kutamka chochote.

Kwenye Acolhuacan naona mkono wenye maji begani. Ni mji wa mtoni?
Usiyape maji maana hapo. Bega ni acolli. Maji (atl) yamewekwa kuthibitisha kwamba neno linaanza na a-, ili usisome Colhuacan.

Na Tollantzinco, ndugu?
Matete (tolin) juu ya nusu ya chini ya mwili: Tollan ndogo (Tollan ni mji mwingine).