Mgonjwa wenu amerudishwa nyumbani? Anzeni na maumivu

Daktari akishawaambia kansa imesambaa na hakuna tena dawa ya kuiponya, msikubali kutoka wodini na panadol pekee. Ulizeni hapo hapo kuhusu hospisi, hapa Mombasa tuna Coast Hospice, kazi yao ni mgonjwa asiteseke hata kama haponi, na msingoje siku za mwisho, nendeni mapema.

Maumivu makali ya kansa dawa yake ni mofini, ile ya maji. Najua mtaani watu huiogopa, utaambiwa ati mgonjwa akianza hiyo mnamharakisha, si kweli. Ikipimwa sawasawa inaondoa maumivu, mtu anapata usingizi, na wengine wanaamka kuongea na wajukuu. Kwa kawaida hunywewa kila masaa 4 kwa kufuata saa, si mpaka alie, manake maumivu yakishapanda kuyateremsha ni kazi. Vuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano hadi alama uliyoonyeshwa, mwekee kando ya shavu taratibu, kisha andika saa na kiasi kwenye daftari. Akiumwa kabla saa haijafika usijiongezee dozi mwenyewe wala usimwache hivyo, mpigie nesi. Mofini inafunga choo kila siku inapotumika, kwa hivyo itishe na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo. Siku za mwanzo anaweza kusinzia sana au kutapika kidogo, mara nyingi hupita, lakini ikiwa haamshiki au anapumua polepole mno piga simu saa hiyo hiyo. Na usiikatize ghafla.

Kula ndiko familia hugombana. Mwili unaofunga kazi hautaki chakula, kumshindilia uji ni kumpalia tu. Chukua kitambaa safi cha pamba, kiloweshe maji, mpanguse midomo na ulimi kila mara, kisha mafuta kidogo midomoni. Mgeuze kila masaa 2 hivi asipate vidonda vya mgongo, na kwa joto letu hili shuka likilowa jasho libadilishe.

Sasa ukweli. Tafadhali msimfiche, mara nyingi ashajua, ananyamaza kwa ajili yenu. Muulize kwa upole, “Baba, wataka kujua daktari alisema nini?” Akikataa muache. Akitaka mwambie, apate kusema madeni yake, amana za watu, wasia (kwa Muislamu usizidi theluthi na si kwa mrithi), na ni nani ataka kumuona, shekhe au padri. Wageni wapunguzeni, hasa wale wa kulia juu ya kitanda.

Akifia nyumbani mnaripoti kwa naibu chifu wa mtaa ndio mpate kibali cha kuzika, na kwa sie tunaozika siku hiyo hiyo muda ni mfupi, kwa hivyo kitambulisho chake na karatasi za hospitali wekeni kwenye bahasha moja mapema, na watu wawili wajue ilipo.