Jinsi ya kujua umbali na masaa ya ndege kati ya eapoti mbili za mbali

Mimi kazi yangu ni kukatia watu tiketi za safari ndefu, na kila mtu anauliza ni kilomita ngapi na atakaa hewani masaa mangapi. Shika kalkuleta, tutumie London kwenda Tokyo.

Hatua ya 1: tafuta kodi ya uwanja (sio ya kulipa, ni zile herufi tatu za kuutambulisha), usiandike jina la mji. London ina Heathrow ambayo ni LHR, ina Gatwick na nyingine kibao, Tokyo nayo ina Haneda (HND) na Narita (NRT). Ukiandika San Jose tu unaweza kuletewa ya California wakati wewe unaenda Costa Rica.

Hatua ya 2: ingiza kodi mbili kwenye kikokotoo cha umbali cha mtandaoni. LHR na HND inakuja kama kilomita 9,600, na hio ni njia fupi ya kuzunguka tufe, sio ya rula kwenye ramani ya ukutani. Vuta uzi kwenye globu kati ya hio miji miwili utaona unapanda juu mpaka Siberia. Angalia pia yuniti, maili ya anga ni kilomita 1.852, ile ya barabarani ni 1.609.

Hatua ya 3: gawa hizo kilomita kwa 900, ambayo ndo spidi ya kawaida (kilomita kwa saa) ya ndege kubwa ikishatulia juu, alafu ongeza nusu saa ya kupanda na kushuka. Unapata masaa 11 na dakika kumi hivi.

Hatua ya 4: sasa fungua tiketi, utakuta inasema karibu masaa 14! Hesabu haijakosea, ila tangu 2022 mashirika ya Uingereza na Japani hayapiti anga ya Urusi, kwahiyo ndege inazunguka. Upepo nao una lake, kule juu unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ndo maana London kwenda New York ni kama masaa 8 na kurudi ni 7 au pungufu. Februari 2020 kulikuwa na dhoruba, ndege moja ikatoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56.

Hatua ya 5: hapa ndo wengi wanapotea. Muda wa kwenye tiketi ni wa pale pale ndege ilipo, kwahiyo ukitoka London 13:00 wakati wa baridi ukafika Tokyo 12:00 kesho yake (tiketi inaweka +1), ukitoa kichwakichwa unapata masaa 23. Tokyo iko mbele masaa 9, toa hayo, zinabaki 14. Majira ya joto London inasogeza saa mbele, tofauti inakuwa 8.

Kama kuna transiti piga kila kipande peke yake, alafu jumlisha na masaa ya kusubiri, usichukue umbali wa moja kwa moja.