Jinsi ya kutunza dawa kwenye makao ya wazee, hasa huku kwenye joto

Hii ni ya wauguzi na wasaidizi mnaohudumia wazee kwenye makao, hasa huku Dar na Tanga. Dawa nyingi zinatakiwa zikae chini ya nyuzi 30, na chumba kikifungwa madirisha mchana wa Januari kinapita hapo fasta.

Hatua ya 1: kabati. Liwe na kufuli, mbali na jua, jiko na bafu. Ufunguo akae nao muuguzi wa zamu, usiachwe kwenye droo ambayo kila mtu anaijua. Morfini (ya maumivu makali) na diazepamu (ya kutuliza), ambazo watu huzitumia vibaya, ziwe na kiboksi chao humo ndani chenye kufuli ya pili, na kila mkibadilishana zamu watu wawili wahesabu wasaini.

Hatua ya 2: kila mzee na boksi lake lenye jina. Msimwage vidonge vya wote kopo moja eti vinafanana, tarehe ya kuisha inapotea hapohapo.

Hatua ya 3: friji, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa nyuzi 2 mpaka 8, kipimajoto kiwe ndani na muandike asubuhi na jioni, iwekwe katikati, sio mlangoni wala kugusa barafu, maana ikishaganda imeharibika hata ikiyeyuka ukaiona safi kabisa, tupa. Samaki na maziwa vikae friji nyingine. Umeme ukikatika msifungue fungue mlango. Insulini ikishafunguliwa andika tarehe juu ya kichupa, nyingi zinakaa nje wiki 4 hivi kama joto halizidi lililoandikwa kwenye karatasi yake, isome. Kuipooza bila friji, mtungi wa udongo wenye mchanga mbichi unasaidia, ila unapooza kwa maji kukauka, kwahiyo Dodoma kwenye hewa kavu unafanya kazi vizuri kuliko huku kwetu kwenye unyevu, weka kipimajoto uhakikishe.

Matone ya macho nayo yaandikwe tarehe, mengi yanatupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa.

Hatua ya 4: angalia chini ya mto na kwenye pindo la kanga. Wazee wanaficha vidonge. Usimpokonye, mwambie "Shikamoo bibi, naomba nikutunzie dawa zako", atakupa. Ila pampu ya pumu usimfungie kabatini, akibanwa usiku iwe mkononi mwake.

Zilizoisha muda ziwe na boksi lao pembeni limeandikwa ZISITUMIKE, zirudishwe famasi ya hospitali, chooni hapana.