Mchujo wa timu ya gofu ya shule: jiandae hivi

Wiki nne zikibaki, acha kushindana na wenzako kupiga mbali. Chipukizi hupoteza mapigo mengi karibu na shimo, kwa hiyo katika kila saa ya mazoezi, dakika 40 ziwe za mapigo mafupi.

Chomeka tii mbili (vijiti vya kuwekea mpira) mita moja kutoka shimoni, zipishane kwa upana unaozidi kidogo kichwa cha fimbo ya kusukumia. Ingiza mipira 20 mfululizo. Ukikosa mmoja, anza upya. Fimbo ikigusa tii, mkono wako unayumba: legeza vidole, usukume kwa mabega. Ukiinua mpira kutoka pembeni mwa eneo la shimo, weka uzito mguu wa mbele. Wanaojaribu kuuchota hugonga ardhi kwanza, mpira ukabaki palepale.

Kwa viwanja vya gofu vya Lugalo au Gymkhana, jijini Dar, anza asubuhi mapema. Beba lita mbili za maji na glavu ya pili, maana jasho la Dar hutelezesha fimbo.

Fimbo zisizidi 14. Mpira ukielekea kichakani, tamka wazi kwamba unapiga mpira wa akiba, endapo wa kwanza utapotea, kabla ya kuupiga. Muda wa kutafuta ni dakika 3 tu. Na kadi ya kuhesabia mapigo ijaze kwa ukweli, hata shimo likikugharimu mapigo tisa.